Alama ya Kidole

Baba, leo nimebonyeza muundi wako kwa kidole gumba
kama daktari wa Mbale alivyonifundisha,
nikahesabu. Moja, mbili.
Shimo likabaki.
Nimefika thelathini na mbili, nyama haijarudi,
na wewe unatazama juu, kwenye paa,
kana kwamba mguu ni wa jirani.

Nimewahi kuona shimo kama hilo.
Mwaka ule ulipomwaga kizingiti cha nyumba hii
uliniita kabla saruji haijakauka:
"Nyaburu, lete mkono!"
Ukaukandamiza kwa mkono wako mzito,
na kiganja cha mtoto wa miaka sita
kipo mlangoni hadi leo. Ikinyesha
kuku wanakunywa humo.

Miaka kumi na tisa ulikata karatasi za paa kiwandani,
za asbesto, kijivu, zenye mawimbi.
Msumeno wa mkono kwanza, kisha wa umeme,
na ule wa umeme, ulituambia, ulikuwa mtamu:
vumbi lilipanda kama unga wa muhogo siku ya kusaga.
Ulirudi na kope nyeupe.
Mama alikung'uta ovaroli penye mpera
huku akikohoa na kukucheka, "Mzee kabla ya uzee!"
Barakoa hazikuwepo. Kulikuwa na maziwa.
Nusu lita kwa kila mtu, Jumamosi,
ati yaoshe kifua.
Hukuyanywa. Uliyatia kwenye chupa ya soda
ukatuletea sisi.
Dawa yako niliinywa mimi.

Kifua hakioshwi kwa maziwa, Baba.
Daktari alichora nyuma ya risiti:
hapa mapafu, yamekakamaa
kama ngozi ya ngoma iliyosahaulika juani;
hapa moyo, upande wa kulia, unasukuma damu
kama mtu anayesukuma mlango
ulioegemewa na mwingine kwa ndani,
usiku na mchana, bila zamu, bila Jumamosi.
"Kwa hiyo moyo umepanuka," akasema.
Nawe, kwa pumzi za kukopa,
ukacheka:
"Umesikia? Obbo ana moyo mkubwa.
Mwambie mama yako, alikuwa akibisha."

Tukarudi Tororo na vidonge vya kukojoza
na katazo la chumvi.
Mchuzi ukautafuna kama barua ya kufukuzwa kazi.
Watu walikuja na pole zao, kila mmoja akisema,
piga moyo konde.
Nilitaka kuwauliza: upigwe mara ngapi?

Emuron wa mashine ya kuchanganya alitangulia;
cheti chake kiliandikwa kifua kikuu, yakaisha.
Owere akafuata Januari, miguu imevimba kama yako.
Unawahesabu kwa vidole
na unapumzika katikati ya hesabu.

Na paa bado liko juu yako.
Karatasi kumi na nane, ulizikata mwenyewe;
kiwanda kilikuuzia zenye ufa kwa nusu bei
ukashukuru.
Jumanne nilileta fundi tuzing'oe.
Akapanda, akagonga moja kwa nyundo,
unga kidogo ukatua kwenye shuka lako,
mweupe, usio na harufu, mpole.
Akashuka upesi kuliko alivyopanda.
"Hizi," alisema, "zikilala, ziache zilale.
Za kuziamsha wana mavazi yao, na bei yao."
Bei yao ni ng'ombe watatu.
Tukapaka rangi. Kijani, ndiyo iliyokuwepo dukani.

Sasa mvua.
Haipigi kelele kama kwenye mabati,
ulikuwa ukijisifu kwa hilo mbele ya wageni:
kwangu mtu anazungumza bila kupaza sauti.
Ni kweli. Nasikia kila pumzi yako
inavyoingia, inavyotafuta pa kukaa.

Nabonyeza tena. Nahesabu. Arobaini.
Shimo linajaa polepole, kutoka chini, kama kisima.
Nje, kwenye kizingiti,
lile jingine nalo linajaa.